Nissan: Kutoka ushindi wa Safari hadi msukosuko wa Yokohama

Nchini Kenya, kwa miaka mingi neno Nissan halikuwa jina la kampuni tu. Abiria aliyesimama kituoni aliposema kwamba anasubiri Nissan, kila mtu alielewa kuwa anangoja matatu ya viti 14, hata kama gari ambalo lingefika limetengenezwa na Toyota. Ni kampuni chache duniani zilizopata heshima ya namna hiyo, ya jina lao kugeuka kuwa neno la kawaida katika mazungumzo ya watu wa mbali.

Hata hivyo kampuni yenyewe, yenye makao yake makuu katika mji wa bandari wa Yokohama nchini Japan, imo katika kipindi kigumu. Mwezi Mei mwaka 2025 ilitangaza hasara ya zaidi ya yen bilioni 670 kwa mwaka wa fedha uliomalizika Machi, na kusema kwamba itapunguza nafasi za kazi zipatazo 20,000 na kubakiza viwanda 10 kati ya 17 ilivyokuwa navyo.

Kwa wenye magari ya kampuni hiyo, kuanzia Mombasa hadi Muscat, suala si bei ya hisa katika soko la Tokyo. Wanachotaka kujua ni iwapo spea zitaendelea kupatikana, na iwapo gari walilonunua kwa akiba ya miaka mingi litapata mnunuzi siku watakapotaka kuliuza.

Mwana wa DAT

Historia ya Nissan inaanzia mwaka 1911, pale mhandisi Masujiro Hashimoto alipoanzisha karakana ya magari mjini Tokyo. Gari lake la kwanza, lililokamilika mwaka 1914, aliliita DAT, kwa kuunganisha herufi za kwanza za majina ya ukoo ya watu watatu waliomsaidia kwa fedha: Den, Aoyama na Takeuchi. Kwa bahati njema, neno hilo lilikaribiana pia na neno la Kijapani linaloeleza mbio za sungura aliyeshtuliwa.

Gari dogo zaidi lilipotengenezwa mwaka 1931 liliitwa Datson, yaani mwana wa DAT, kwa kutumia neno la Kiingereza la mtoto wa kiume. Lakini katika Kijapani sauti hiyo ya "son" ina maana ya hasara, na hakuna mfanyabiashara anayetaka kuuza hasara. Mwaka uliofuata herufi moja ikabadilishwa, mwana akageuka kuwa jua, na jina la Datsun likazaliwa.

Mtu aliyeifanya karakana hiyo kuwa kampuni kubwa ni Yoshisuke Aikawa, mmiliki wa kundi la makampuni lililojulikana kama Nihon Sangyo. Katika soko la hisa jina hilo lilifupishwa na kuwa Nissan. Mwezi Desemba mwaka 1933 Aikawa aliunda kampuni ya magari mjini Yokohama, na ilipofika Juni 1934 ikachukua jina la Nissan. Katika kuunda magari yake Wajapani hao hawakuona haya kujifunza kwa wageni. Mhandisi Mmarekani William Gorham alikuwa miongoni mwa waliowaelekeza, na baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1952, Nissan ilitia saini mkataba na kampuni ya Austin ya Uingereza wa kuunganisha magari ya Kiingereza nchini Japan. Muda si mrefu mwanafunzi akawa anamuuzia mwalimu magari: mwaka 1986 Nissan ilianza kutengeneza magari huko Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza.

Tope la Pasaka

Afrika Mashariki ilikuwa na nafasi ya pekee katika safari hiyo. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, msimu ambao mvua za masika hugeuza barabara za udongo kuwa matope, na pale mvua inapokosekana vumbi humziba dereva macho. Nissan ilipeleka magari yake huko kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Wakati huo wanunuzi wengi waliyaona magari ya Kijapani kuwa mepesi na ya bei nafuu tu, yasiyoweza kulingana na Peugeot, Volkswagen au Mercedes.

Maoni hayo yalibadilika mwaka 1970. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda akiwa na Hans Schüller ndani ya Datsun 1600 SSS, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Joginder Singh katika gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1971 Herrmann alishinda tena, safari hii kwa Datsun 240Z, gari la michezo ambalo wengi waliliona kuwa si la barabara za namna hiyo.

Lakini jina linalokumbukwa zaidi ni la Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Mwaka 1973 Mehta alilingana pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden, naye akiendesha Datsun, na ilibidi kanuni za kuamua sare zitumike kabla ya yeye kutangazwa mshindi. Kisha akashinda miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa gari aina ya Violet. Alifariki dunia mwaka 2006 akiwa ameacha rekodi ya ushindi wa Safari mara tano.

Nissan haikuuacha ushindi huo upite bure. Nchini Japan ilitengenezwa hata filamu ya sinema kuhusu mashindano hayo, iliyotoka mwaka 1969. Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki hapakuhitajika filamu. Mkulima au mwalimu aliyeona kwa macho yake Datsun ikipita kijijini kwao, imejaa tope hadi madirishani lakini bado inakwenda, hakuhitaji tangazo lingine. Pikapu ndogo za Datsun zenye injini ya sentimita za ujazo 1200 zikawa zana ya kazi, za kubeba maziwa, mboga, saruji na hata maharusi.

Ndiyo maana uamuzi wa mwaka 1981 wa kuliondoa jina la Datsun na kuweka la Nissan kote duniani uliwashangaza wengi. Jina lenye sifa iliyojengwa kwa miaka 50 liliachwa polepole hadi mwaka 1986. Lilifufuliwa katika muongo wa 2010 kwa magari ya bei ya chini, kisha likazikwa tena mwaka 2022.

Giaboksi inayogawa maoni

Kizazi kilichofuata kiliijua Nissan kwa njia nyingine. Nchini Kenya mabasi madogo ya Caravan na Urvan yalitawala biashara ya matatu, na kanuni kali za mwaka 2004 zilizosimamiwa na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, za mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, zilihusu magari hayo kwa kiasi kikubwa. Tanzania mambo yalikuwa tofauti: daladala ndogo, maarufu kama vipanya, zilikuwa zaidi za Toyota Hiace.

Wenye magari madogo ya kisasa ya Nissan, kama X-Trail, Note, Tiida na March, hutoa maoni yanayopingana. Wengi husifu nafasi ya ndani, ulaini wa kuendesha na bei, kwa sababu katika masoko ya Afrika Mashariki Nissan iliyotumika mara nyingi hupatikana kwa bei ya chini kuliko Toyota ya umri huo huo. Unafuu huo una upande wake wa pili siku ya kuuza, kwani anayenunua baadaye naye hudai apunguziwe.

Lawama kubwa zaidi inaelekezwa kwenye aina ya giaboksi ijulikanayo kama CVT. Giaboksi ya kawaida ina gia nne, tano au sita. CVT haina hatua hizo. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazoweza kupanuka na kubana, hivyo mwendo hubadilika bila mshtuko na mafuta hutumika kwa uangalifu. Ubaya wake ni kwamba haivumilii joto kali, mizigo mizito wala oili isiyo yake. Fundi akitia oili ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, mkanda huanza kuteleza, na baada ya hapo mwenye gari husikia mtetemo na mvumo, kisha gari hukataa kupanda mlima.

Si tatizo la gereji za Afrika pekee. Nchini Marekani malalamiko yaliifanya Nissan irefushe dhamana ya giaboksi hizo hadi miaka 10 kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010, na kesi kadhaa za pamoja za wateja zilifunguliwa baadaye. Tofauti ni kwamba mteja wa Marekani ana dhamana, ilhali aliyenunua gari lililotumika kupitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam hana pa kulirudisha. Kwake giaboksi ikifa, kuibadilisha kunaweza kugharimu sehemu kubwa ya thamani ya gari zima. Mafundi wenye uzoefu huwashauri wanunuzi waulize kwanza oili ya CVT ilibadilishwa lini, kabla hata ya kutazama rangi ya gari.

Gari la umeme la Leaf, lililoingia sokoni Desemba 2010, lilikutana na adui yule yule, joto. Betri zake hazikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji, na wamiliki katika jimbo la Arizona, Marekani, waligundua mapema kwamba uwezo wake unashuka haraka. Kampuni ililazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri mwaka 2013.

Na bado, ukiuliza katika nchi za Ghuba, utasikia sifa tupu. Huko Nissan maana yake ni Patrol, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1951. Patrol ya kizazi cha mwaka 1997, hasa yenye injini ya silinda sita ya lita 4.8, inapendwa mno na vijana wanaopanda vilima vya mchanga Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Nissan inaijua thamani ya wateja hao: matoleo mapya ya Patrol ya mwaka 2010 na 2024 yalizinduliwa Abu Dhabi.

Kuokolewa, na kuyumba tena

Hii si mara ya kwanza kwa Nissan kufika ukingoni. Mwaka 1999, ikiwa na deni la zaidi ya yen trilioni mbili, iliokolewa na Renault ya Ufaransa, iliyomtuma Carlos Ghosn, mzaliwa wa Brazil mwenye asili ya Lebanon. Ghosn alifunga viwanda vitano na kupunguza kazi 21,000, na katika muda mfupi faida ikarejea. Novemba 2018 alikamatwa mjini Tokyo kwa tuhuma za makosa ya fedha, ambazo amezikanusha, na mwishoni mwa 2019 akatoroka kwenda Lebanon akiwa amefichwa ndani ya sanduku.

Jaribio la kuungana na Honda lilitangazwa Desemba 2024 na kuvunjika Februari 2025. Uongozi ukapewa Ivan Espinosa, raia wa Mexico. Kiwanda cha Oppama, kilichofunguliwa mwaka 1961 na ambako Leaf ilianza kutengenezwa, kimepangiwa kuacha kuunda magari ifikapo mwisho wa Machi 2028. Novemba 2025 kampuni iliuza hata jengo la makao yake makuu kwa yen bilioni 97, na kubaki humo kama mpangaji.

Kwa Afrika Mashariki athari zitachelewa kuonekana. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, na mengi hufika yakiwa yamekaribia kikomo hicho. Magari ya Nissan yatakayoteremshwa Mombasa mwanzoni mwa muongo wa 2030 ni yale yaliyokwisha kutoka kiwandani kabla ya Oppama kufungwa.