Panya buku anayenusa kifua kikuu

Sanduku la kioo lina matundu kumi sakafuni, yamepangwa mstari mmoja, na chini ya kila tundu kuna kikopo chenye makohozi. Mfanyakazi anafungua tundu la kwanza. Panya anainamisha pua, ananusa, anasonga mbele. La pili, vivyo hivyo. Kwenye la tatu anaganda: pua imezama tunduni, kucha zinakwaruza sakafu, sekunde zinapita. Mlio mfupi unasikika, naye anakimbilia pembeni kulamba ndizi iliyopondwa, inayosukumwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Hapa ni Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Wabelgiji, lilihamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2000, na tangu hapo linafundisha panya buku kunusa. Ndiye yuleyule buku anayewindwa kwa nyama sehemu nyingi za Afrika, mwenye uzito wa kilo moja hivi na vifuko mashavuni vya kubebea chakula. Pengine uji wa ndizi ni malipo ya busara: hauwekeki akiba, unaliwa hapohapo, kazi inaendelea.

Ananusa nini hasa? Bakteria wa kifua kikuu (TB), kama kiumbe chochote kinachokula na kukua, hutoa kemikali zinazopaa hewani. Pua ya binadamu haizihisi. Buku, ambaye hutembea usiku na macho yake si ya kutegemewa, amejaliwa pua inayofanya kazi ya taa na ramani kwa pamoja. Akizikuta kemikali hizo katika kikopo, husimama.

Tangu Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba amemgundua bakteria huyo, zahanati nyingi zimeendelea kumtafuta kwa hadubini. Makohozi hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, kisha mtu huinama kutafuta vijiti vyembamba. Tatizo ni kwamba ili vionekane kwa uhakika, mililita moja ya makohozi inahitaji kuwa na bakteria wapatao 10,000. Aliye na pungufu ya hapo anaweza kuambiwa hana TB, akarudi nyumbani na kikohozi chake, akala na kulala na watoto chumba kimoja. Vipo vipimo vya kisasa vya vinasaba vinavyoona zaidi, ila mashine zake ni ghali na hazijafika kila kituo.

Panya mmoja hupitia sampuli mia moja kwa takriban dakika 20. Mtaalamu wa maabara mwenye hadubini anaweza kutumia hadi siku nne kwa idadi hiyohiyo.

Lakini buku hatoi cheti cha ugonjwa, na hapa ndipo akili ya waliobuni utaratibu huu inapoonekana. Sampuli hutoka vituo vya afya zikiwa zimeshapimwa, na hupashwa moto kwanza ili bakteria wafe. Katikati yake huchanganywa zile zinazojulikana kwa hakika kuwa na TB. Panya hulipwa kwa hizo tu. Anayesimama kila tundu akitarajia ndizi hugundulika mapema, kwa hiyo uvivu na ujanja havimsaidii. Akisimama kwenye sampuli ambayo kituo kilisema ni salama, haihesabiwi kuwa ugonjwa bado. Hurudishwa maabara ikachunguzwe upya.

Wazo lenyewe la kutumia pua ya panya lilitoka kwa Bart Weetjens, Mbelgiji aliyefuga panya tangu utotoni. Alipokuwa akitafuta njia rahisi ya kugundua mabomu ya ardhini, aliwakumbuka wanyama wake. Wengi walimcheka, na si ajabu. Nani angempa panya kazi ya jeshi? Lakini buku ni mwepesi mno kulipua bomu analolikanyaga. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, aligundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamvisha medali ya dhahabu kwa ushujaa. Ilikuwa mara ya kwanza panya kupewa medali hiyo. Alifariki mwaka 2022, akiwa mstaafu.

Kazi ya TB haina medali wala mlipuko. Panya akishasimama na maabara ikathibitisha, jibu hurudi kituoni, na kazi iliyobaki ni ya miguu: kumtafuta mtu aliyekwishaambiwa hana kitu. Wanaokwenda kumtafuta ni pamoja na watu waliowahi kuugua TB wao wenyewe wakapona. Hupita mitaani wakiuliza nyumba kwa nyumba, kwa kuwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu mara nyingi haipatikani, na dawa za miezi sita zinamsubiri.