Ari na Motisha katika Hojaji ya Mwanafunzi wa Sayansi: Mfano wa Kyela

Mtafiti anayetaka kupima kinachomsukuma mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kusoma fizikia au hisabati hukabiliwa kwanza na tatizo la lugha. Istilahi iliyozoeleka ni motisha. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku nchini Tanzania, motisha ni posho au zawadi apewayo mfanyakazi. Kijana wa Kyela akiulizwa kama ana motisha ya kusoma hisabati, huenda akajibu kuhusu fedha za kujikimu, wala hana kosa. Deci na Ryan, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walitofautisha msukumo wa ndani na ule wa nje. Neno linaloelekea upande wa nje huifuta tofauti hiyo kabla takwimu hazijakusanywa. Kwa msukumo wa ndani, ari ni neno lifaalo zaidi.

Kijana huyo alikuzwa kwa Kinyakyusa, akafundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi na kwa Kiingereza sekondari. Akinyamaza darasani, si lazima awe amekosa ari. Tuseme ametoka mwambao wa Ziwa Nyasa, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, akajiunga na chuo kikuu jijini Mbeya, kwenye zaidi ya mita 1,600. Kwao maji huchemka kwenye nyuzijoto 98 hivi za Selsiasi. Mbeya huchemka karibu na 94, na maharage huchelewa kuiva. Hojaji ikianzia kwenye chungu hicho, ikauliza kama angependa kujua sababu hata pasipo mtihani, atakachojibu kitahusu ari.