Mchoro wa Bure Si Uadilifu

Kila nikitoka katika baraza la maoni ya wananchi, liwe la Kajiado mjini au la hapa Kitengela, hakosi mtu wa kunishika mkono akaniuliza: "Mwalimu, mbona kaunti isitangaze shindano, kila kijana alete mchoro wake, aliye bora apewe zawadi? Si huo ndio uwazi?"

Sio. Tuseme watu 60 wameshindania nembo ya soko, na kila mmoja ameshughulika siku 3: hizo ni siku 180 za kazi, nazo zilizolipwa, tena kwa zawadi isiyofikia ujira, ni 3 tu. Taasisi ambayo isingethubutu kuwaagiza mafundi 60 wajenge kila mmoja kibanda chake ili ilipie kimoja, haioni haya kuwatenda hivyo wachoraji, ati kwa kuwa karatasi haina saruji. Na mwenye siku 3 za kutoa sadaka ni nani, ghairi ya aliyekwisha shiba?

Walakini dhuluma hiyo si taksiri kubwa kuliko zote. Iliyo kubwa ni kwamba mchoro hulitangulia swali. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe tangu alfajiri hadi soko la Bissil ndiye atakayeitazama nembo hiyo, lakini mshindani aliyejifungia Kitengela na kompyuta yake hajapata kumwona, basi huchora ngao na mikuki miwili kama walivyochora wenzake, na majaji huchagua ngao inayong'aa zaidi. (Nimewahi kuketi katika jopo la namna hiyo, chai ilikuwa nzuri.)

Wataniambia kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 imelitaja shindano la usanifu. Naam, imelitaja, lakini kulitaja si kuamuru watu wafanye kazi bure, na Kifungu cha 227 cha Katiba hakikudai ushindani peke yake, bali pamoja na haki, usawa, uwazi na gharama nafuu.

Basi, enyi wa kaunti, andikeni haja yenu na bajeti kabla ya kutangaza. Ombeni kazi za zamani, si mchoro mpya. Chagueni watatu, wapelekeni wakawahoji watumiaji, walipeni wote. Majina yafichwe, jopo liwe na wajuzi, alama zibandikwe hadharani, na michoro ya walioshindwa ibaki mali yao. Asiyeridhika ana siku 14 tangu kuarifiwa matokeo kupeleka shauri lake kwa bodi ya mapitio ya ununuzi wa umma, nayo ina siku 21 za kuamua.