Mtoto akivunjika kiwiko, saa za mwanzo ndizo zinazoamua

Kuelekea Desemba shule hufungwa Kenya, Uganda na Tanzania karibu kwa wakati mmoja, na ndicho kipindi ambacho miembe ya pwani huwa imejaa matunda. Watoto wanapanda. Tawi linakatika, mtoto anatanguliza mkono asigonge kichwa, na uzito wote wa mwili unaishia kwenye kiwiko.

Nyumbani sasa unatolewa uamuzi ambao mara nyingi huwa mzito kuliko kuanguka kwenyewe: apelekwe hospitali, au aitwe mzee wa kuunga mifupa anayekaa mtaa wa pili?

Mfupa unaovunjika kwa mtoto wa namna hii ni ule wa mkono wa juu, pale chini karibu na kiungo, mahali ulipo mwembamba na bapa. Miongoni mwa mivunjiko ya kiwiko kwa watoto huu ndio unaoongoza, na huwapata zaidi wenye umri wa miaka 5 hadi 7. Mbele yake unapita mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye kigasha na vidole, na neva zinazoongoza vidole hivyo zipo jirani. Kipande cha mfupa kikisogea, kinaweza kuubana mshipa au kuuchana.

Hatari haiishii hapo. Hata mshipa ukibaki salama, kigasha huvimba. Misuli yake imezungukwa na ngozi ngumu ya ndani isiyotanuka, kwa hiyo uvimbe ukikosa nafasi huanza kuminya mishipa midogo ya damu. Misuli hukosa hewa na kuanza kufa. Baada ya takriban saa 6 za hali hiyo, sehemu kubwa ya uharibifu huwa hairekebishiki. Mtoto hupona mvunjiko wake vizuri tu, lakini vidole vinajikunja kama makucha na kubaki hivyo. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliieleza hali hiyo mwaka 1881, na mpaka leo inabeba jina lake.

Sasa chukua mkono huo unaovimba, uufunge vijiti vya mianzi na kitambaa, ukaze. Ndiyo maana madaktari wa mifupa huwa wakali neno hili linapotajwa. Nchini Nigeria na Ethiopia wameandika kwa miaka mingi kuhusu watoto waliofikishwa hospitali mkono ukiwa umeshakuwa mweusi, na kilichobaki ni kuukata.

Haitakuwa haki kuwaweka waunga mifupa wote kwenye kapu moja. Mzee huyo yuko karibu, anaaminika, anakubali kulipwa kidogo kidogo au kuku, na mivunjiko mingi rahisi ingeunga yenyewe hata bila yeye. Lakini kiwiko cha mtoto si mvunjiko rahisi, na hakivumilii mambo mawili anayoyapenda: kukaza na kukanda. Kukanda kiwiko kilichoumia kunaweza hata kusababisha mfupa mpya kuota ndani ya msuli, kiungo kikagoma kukunjika.

Kwa mzazi aliye njiani kwenda hospitali, iwe kwa basi au kwa bodaboda, kinachotakiwa ni kidogo. Mkono uachwe katika mkao ulivyokutwa, usinyooshwe wala kukunjwa kwa nguvu, na utegemezwe kwa khanga iliyofungwa shingoni bila kubana. Bangili na pete zivuliwe kabla uvimbe haujazidi. Dalili za kutisha ni maumivu yanayoongezeka hata mkono ukiwa umetulia, mtoto kupiga kelele vidole vinaponyooshwa, ganzi, na vidole kuwa vya baridi au vyeupe. Kwa mtoto mweusi weupe huo ni rahisi kuuona chini ya kucha. Dalili hizi zikitokea baada ya kufungwa plasta hospitalini, ile ambayo Watanzania wengi huiita hogo, anarudishwa usiku huohuo. Asubuhi ni mbali.

Hospitalini picha ya eksirei ndiyo inayoamua njia. Mfupa ukiwa umepata ufa bila kusogea, plasta ya upande mmoja kwa takriban wiki 3 inatosha. Ukiwa umesogea kabisa, mtoto hulazwa usingizi wa dawa, mfupa hurudishwa mahali pake na kushikiliwa kwa nyaya nyembamba za chuma zinazopitishwa kwenye ngozi. Nyaya hizo hutolewa baada ya wiki 3 au 4. Kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi penye mashine ya eksirei inayomwonyesha daktari mfupa palepale juu ya meza ya upasuaji, na mashine hiyo haiko katika kila hospitali ya wilaya. Pasipo nayo, daktari anaweza kuufungua mkono aone kwa macho, au kuuvuta kwa uzani mtoto akiwa amelala kitandani kwa wiki kadhaa.

Hapo ndipo safari za kikanda zinapoanza. Muhimbili jijini Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa, MOI. Moshi kuna KCMC, si mbali na mpaka wa Kenya. Kisubi, kati ya Kampala na Entebbe, iko CoRSU inayoshughulikia zaidi watoto. Kijabe nchini Kenya nako kuna hospitali ya watoto wenye matatizo ya mifupa. Familia ya mpakani huangalia lipi liko karibu, si bendera ipi inapepea langoni. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia watu, bidhaa na huduma kuvuka kwa uhuru, lakini kadi ya bima ya afya ya umma kwa kawaida huishia mpakani na familia hulipa taslimu.

Wapasuaji wenyewe wametangulia kidogo. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao makuu Arusha, huwafundisha madaktari wakiwa kazini katika hospitali za nchi zao, kisha wote hukaa mtihani mmoja. Anayehitimu upasuaji wa mifupa Lusaka anapimwa kwa kipimo kilekile cha mwenzake wa Kigali.

Viwiko vingine havihitaji mpasuaji kabisa. Mtoto wa miaka 1 hadi 4 akivutwa mkono ghafla, tuseme mama anamnyanyua haraka kuingia daladala, mfupa mmoja wa kigasha unaweza kuteleza kidogo kwenye utepe unaoushikilia. Haanguki, havimbi, ila anauachia mkono uning'inie na hataki uguswe. Mhudumu anayeijua hali hiyo huugeuza na kuukunja mkono kwa sekunde chache, na baada ya muda mfupi mtoto anaunyoosha kuchukua biskuti. Lakini kama aliyepotelewa na nguvu za mkono alianguka, au kiwiko kimevimba, hilo si la kujaribiwa nyumbani.

Kwa watu wazima, lalamiko maarufu ni lile ambalo Wazungu hulipa jina la mchezo wa tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Ni fundi seremala, ni mama anayefua na kukamua nguo za watu, ni mpagazi wa Busia au Namanga anayenyanyua magunia kutwa. Maumivu huwa upande wa nje wa kiwiko, na huzidi mtu anapokamata kitu na kukinyanyua kiganja kikitazama chini. Kano za misuli inayoinua kifundo cha mkono zimechoka na kuchakaa.

Wengi huomba sindano, na sindano ya steroidi kweli hutuliza kwa wiki chache. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha upande wa pili: baada ya mwaka, waliochomwa walikuwa na hali mbaya kuliko waliofanya mazoezi, na hata kuliko walioachwa wasubiri tu. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja. Zoezi lenyewe halina gharama: kigasha juu ya meza, kiganja chini, chupa ya maji ya nusu lita mkononi, mkono mwingine unasaidia kuipandisha, kisha inashushwa polepole bila msaada. Ugumu uko kwingine. Mpagazi akiambiwa apumzike wiki 6, hana wa kumlipa wiki hizo.

Turudi kwa yule wa mwembe. Nyaya zikishatolewa, kiwiko chake kitakuwa kigumu, na mzazi atashawishika kukinyoosha kwa nguvu au kumfungia ndoo mkononi. Madaktari hawashauri. Mtoto huachwa ale, aoge na acheze kwa mkono huo mwenyewe, na kunyooka hurudi kidogo kidogo kwa wiki na miezi, mara nyingi kabla embe za msimu unaofuata hazijaiva.