Sinthesaiza za Bei Nafuu: Sauti ni ya Kweli, Lakini Je, Yafaa Harusini?

Msimu wa harusi ukikaribia, vijana wa bendi hunijia na swali lile lile: "Ami, hizi sinthesaiza ndogo za analogi tunazoziona mtandaoni kwa bei ya chini, ni za kweli ama ni bandia?" Wananiuliza mimi kwa kuwa nilisomea elektroniki kwa diploma, na pia wanajua napenda kinanda. Jibu langu ni fupi: sauti ni ya kweli. Lakini ukweli wa sauti pekee hautoshi kumfanya mtu atoe akiba yake.

Tuanze na neno analogi. Ndani ya sinthesaiza ya analogi hamna sauti iliyorekodiwa. Kuna saketi iitwayo osileta ambayo hutikisa umeme mara mamia kwa sekunde, na mtikisiko huo ndio noti. Umeme hupita kwenye chujio linalopunguza makali ya sauti, kisha kwenye kipaza sauti kinachoamua ianze na kuisha vipi. Wewe wazungusha vifundo, sauti yabadilika papo hapo. Kinanda cha dijitali hufanya kazi kwa hesabu. Chipu hukokotoa sauti, au hutoa iliyorekodiwa, ndiyo maana kinanda kimoja kinaweza kukupa fidla, filimbi, akodioni na ngoma.

Analogi mojawapo iliyokopiwa sana ni Minimoog Model D ya Bob Moog wa Marekani. Iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ikaacha kutengenezwa 1981. Ina osileta tatu na chujio lenye sauti nene ambayo wapiga besi waliipenda mno. Mwaka 2016 kampuni ya Moog iliitoa tena kwa dola 3,499, ambazo kwa dola ya shilingi 129 ni kama shilingi 451,000. Kisha kampuni ya Behringer ikaleta nakala yake, iliyofika madukani 2018 kwa takriban dola 299, yaani kama shilingi 39,000. Hapo hujalipa usafiri, ushuru wa forodha wala VAT ya asilimia 16.

Je, huu si wizi? Hataza ya chujio la Moog ilitolewa Marekani 1969. Wakati huo hataza ya kule ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hivyo muda wake uliisha 1986. Hataza ikiisha, yeyote anaruhusiwa kuitengeneza saketi ile, ila jina na nembo hubaki mali ya mwenyewe. Sheria basi inaruhusu. Wako wanamuziki wasiopenda kununua nakala kwa kuwa aliyebuni hapati kitu, na siwalaumu.

Na si kila mara mwenye asili ndiye anayekupa kitu cha asili. Roland ilitoa TB-303, mashine ndogo ya besi, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilipoirudisha 2016 kwa jina TB-03, ndani iliweka chipu ya dijitali inayoiga sauti ile. Behringer, isiyoibuni, ilikuja 2019 na TD-3 yenye saketi ya analogi. Korg nayo ilijikopi yenyewe. MS-20 yake ya 1978 ilirudi 2013 ikiwa ndogo zaidi kidogo, na bado ni analogi. Kwa hivyo usihukumu kwa jina lililo juu ya boksi. Uliza kilichomo ndani.

Sasa tuje kwenye mfuko wako. Nakala ile ya Model D haina vibonyezo vya kupigia. Ni boksi la vifundo tu, na ni lazima uliunganishe na kinanda kingine kwa waya wa MIDI. Haina spika. Haina kumbukumbu: ukipata sauti tamu leo, piga picha vifundo, ama kesho utaanza upya. Tena hupiga noti moja kwa wakati mmoja, kama mtu anayeimba. Ukibonyeza noti tatu pamoja, utasikia moja.

Kwa studio, hayo si kasoro kubwa. Mtayarishaji hurekodi besi leo na melodia kesho, na unene ule wa analogi humfaa. Kwa bendi ya harusi ni hadithi nyingine. Pale mpiga kinanda mmoja hubeba fidla, akodioni, besi na mara nyingine ngoma zote, na mwimbaji akibadilisha wimbo hana dakika tano za kuzungusha vifundo.

Kisha kuna makamu. Taarab yetu ya udi, kama ile ya marehemu Zein l'Abdin, imechota kwa Waarabu. Ukipiga Rast kuanzia Do, noti za Mi na Si hushuka kama robo toni. Vinanda vya harusi vya Yamaha na Korg, hasa vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu, hukuruhusu kuzishusha noti hizo mbili na kuacha nyingine zilivyo. Analogi ya kawaida hugawa oktavu sehemu 12 zilizo sawa. Ukizungusha kifundo cha kutuni, noti zote hushuka pamoja.

Katikati kuna vyombo vingine. Korg Minilogue ya 2016 ni analogi, ina vibonyezo 37, hupiga noti nne pamoja na huhifadhi sauti 200. Korg Volca, zilizoanza 2013, ni ndogo, zina spika ndani na hutumia betri sita za AA, kwa hivyo mwanafunzi anaweza kujifunza hata stima ikipotea. Arturia MicroFreak ya 2019 imechanganya osileta za dijitali na chujio la analogi.

Pwani yetu pia ina masharti yake. Osileta ya analogi husogea na joto. Iwashe dakika 10 hadi 15 kabla ya kuituni, na usiiweke mbele ya feni ama juani. Hewa ya chumvi hula vifundo na matundu ya waya, kwa hivyo ifunike kila umalizapo. Na ndani ya nakala hizi vifaa ni vidogo mno, vimebandikwa na mashine juu ya bodi. Fundi wa redio mwenye chuma cha kulehemu cha kawaida atapata taabu navyo.

Ushauri wangu basi ni huu. Una studio na tayari una kinanda cha MIDI? Nunua nakala, utapata sauti ambayo zamani ilikuwa ya matajiri. Unajifunza? Chukua yenye vibonyezo au spika yake. Unapiga harusini? Weka pesa zako kwenye kinanda cha dijitali chenye makamu, na analogi ije baadaye kama kiungo.

Wahenga walisema rahisi ghali. Kwa hizi nakala, gharama huja pale unapogundua kwamba bado wahitaji kinanda, spika na waya. Kabla hujatuma pesa kwa muuzaji, muulize mambo matatu: ina vibonyezo? Hupiga noti ngapi pamoja? Ikiharibika, nani ataitengeneza? Akikosa jibu la hilo la mwisho, subiri.