Kukata Karata kwa Mkono Mmoja

Kucheza karata ni jambo moja, kuzirusha na kuzipamba mkononi ni lingine. Katika mchezo huu wa pili hakuna feza, hakuna mshindi, wala hila kama ile ya wafanya mazingaombwe: anayetazama anaona yote. Vijana wanauita kadistri, jina lililoenea baada ya mwaka 2000.

Sisi twaonelea mwenye kuanza aanze na namna ya Charlier, mjuzi wa karata aliyejulikana London katika karne ya 19. Shikeni karata zote 52 kwa ncha za vidole: gumba ubavu mmoja, kidole cha tatu na cha nne ubavu mwingine, kidole cha mwisho nyuma, upande wa karibu nanyi. Legezeni gumba kidogo, nusu ya chini inaanguka kiganjani. Sasa kidole cha pili, kile cha kuonyeshea, kiisukume nusu hiyo toka chini mpaka isimame na kuegemea gumba. Ikiisha kupita ukingo wa nusu ya juu, hii ya juu inashuka yenyewe. Fungeni mkono: ya chini imekuwa juu.

Wengi wanakosea palepale mwanzo. Wanazibana ndani ya kiganja, na nusu ya chini inakosa nafasi ya kugeuka. Mwenye mkono mdogo apunguze karata, hata zibaki 30, si haya. Karata za zamani zilizolowa jasho zinashikana, heri mpya. Tena simameni karibu na kitanda, zikianguka msiinuke na kuinama siku nzima.

Mkono wa kuume ukiisha kuzoea, anzeni upya na wa kushoto.