Rafu ya Chini

Kamati ya jarida iliniomba nitafute mtu anayesoma kuliko sisi sote, nimuulize amesoma nini siku hizi. Jina lilinijia papo hapo. Nikapanda basi hadi shule ya msingi niliyosoma, mashariki ya London, kumtafuta mama wa maktaba.

"Shikamoo, mama," nilisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe si yule uliyekuwa ukijificha nyuma ya rafu?"

Ndiye mimi.

Mama huyu ni mzaliwa wa Tanga, na amekuwa mkutubi wa shule hiyo tangu sijazaliwa. Mezani pake kuna marundo mawili ya vitabu: kushoto vya watoto, kulia vyake mwenyewe. "Mkutubi asiyesoma vitabu vya watoto ni kama mpishi asiyeonja mchuzi," alisema. Kila kitabu cha watoto hukisoma mara mbili, kwanza kimya, kisha kwa sauti akiwa jikoni kwake. Ulimi ukijikwaa, anajua na watoto watachoka.

Cha kwanza kwenye rundo la kushoto kilikuwa Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994. Wengi wetu tuliosoma Uingereza tunakijua. Handa, msichana wa Kijaluo huko Kenya, anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba ndani ya kikapu kichwani, na njiani wanyama wanayachukua moja moja bila yeye kujua. Maandishi ni ya Kiingereza, lakini mama huyu hufuata picha na kusimulia kwa Kiswahili. Amebandika vikaratasi: ndizi, pera, chungwa, embe, nanasi, parachichi, pasheni. Nakiri mbele ya walimu wangu kwamba pera sikulijua. Nyumbani kwetu hakuna mpera, kuna friji, na ndani ya friji hamna mapera.

Kwa watoto wakubwa alikuwa amerudia When Stars Are Scattered cha mwaka 2020, hadithi ya picha aliyoiandika Victoria Jamieson pamoja na Omar Mohamed. Ni maisha ya Omar mwenyewe, mkimbizi kutoka Somalia aliyekulia kambi ya Dadaab, Kenya, akimlea mdogo wake Hassan. Omar anapata nafasi ya kwenda shule, lakini nani atabaki na Hassan? "Hicho sikukisoma jikoni," mama aliniambia. "Nilikisoma kitandani, nikalia."

Rundo la kulia lilikuwa na Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya mwaka 1996. Ameisoma tena kwa sababu Kongowea, kijana wa hadithi hiyo, anatoka Tanga na kusafiri hadi Kitale kumtafuta baba yake. "Mimi nilifika mbali zaidi," alicheka, "ila sikuwa namtafuta mtu." Chini yake kulikuwa na Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel.

"Yusuf ana miaka kumi na miwili tu," alieleza. "Baba yake ana deni kwa tajiri, basi mtoto anachukuliwa kuwa rehani."

Nikauliza rehani ni nini. Akanitazama kidogo. "Unapokopa, unaweka kitu chako kwa mwenye mali mpaka ulipe. Usipolipa, kimekwenda."

Kisha akainama kwenye rafu ya chini kabisa, karibu na dirisha. Hapo ndipo vitabu vya Kiswahili vinapokaa. Viko kumi na kimoja. Vinne vilikuwa na alama nyekundu mgongoni. Utaratibu wa shule ni kwamba kitabu kisichoazimwa na mwanafunzi kwa miaka mitatu huondolewa kila Julai, nafasi haitoshi. Yeye mwenyewe amepunguziwa siku, kutoka tano hadi mbili kwa wiki. Hapa England sheria inataka kila gereza liwe na maktaba, lakini shule hailazimishwi.

Kimojawapo cha vile vinne nilikitambua. Ni Moja Means One cha Muriel Feelings, cha mwaka 1971, kinachofundisha kuhesabu hadi kumi kwa Kiswahili. Picha ni za Tom Feelings, nazo zilikipatia heshima ya Caldecott huko Marekani mwaka 1972. Nilipokuwa na miaka tisa, mama huyu alinipa kitabu hicho mbele ya wenzangu. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba lugha hiyo siijui. Mama yangu mzazi alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kunichukua. Hakusema neno. Tangu siku ile akawa anazungumza nami Kiingereza, na ilinichukua miaka kumi kumwomba aache.

Niliomba nikiazime pale pale. "Hapana, mwanangu," alisema. "Kompyuta inahesabu wanafunzi tu. Ulikuwa na nafasi yako." Hakusema kwa ubaya. Akanipa Peponi nisome ukurasa mmoja kwa sauti. Nilijikwaa mara nyingi. Hakunisahihisha, alingoja tu nifike mwisho.

Jumatano iliyofuata nilirudi na wanachama watatu wa chama chetu, saa tisa unusu alasiri, masomo yakiwa yamekwisha. Tulimsimulia Handa watoto tisa. Tulipofika kwenye pera, msichana mmoja wa familia ya Kikongo alinyanyua mkono. "Kwetu tunasema mapera," alisema kwa Kiswahili, halafu akawatazama wenzake aone kama watamcheka.

Hakuna aliyecheka. Mwenzake mmoja alimwomba amfundishe kuhesabu. Wakaenda pamoja kwenye rafu ya chini, na yule msichana akaazima Moja Means One.

Vimebaki vitatu, na Julai haiko mbali. Tunakwenda kila Jumatano. Anayetaka kuja atukute kituo cha basi mbele ya maktaba ya chuo saa nane na nusu. Si lazima uwe msomaji hodari. Mimi bado najikwaa.